Mlango wa Bafu la Fundi Batholomeo

Hamida Mustapha alizaliwa Haubi, kwenye vilima vya Kondoa, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na mbaazi. Alipomaliza kidato cha sita aliomba kusomea uuguzi, akapangiwa tiba kwa vitendo, fani ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia. Baba yake alimuuliza kazi yenyewe ni ipi.

"Ni kumsaidia mtu aliyeugua arudie shughuli zake. Kula, kuvaa, kupika, kulima."

"Kwani hizo nazo zinafundishwa?"

"Zikishapotea zinafundishwa, baba."

Kwa majirani Mzee Mustapha alisema bintiye anasomea unesi, maana hilo halikuhitaji maelezo.

Mwaka wa mwisho chuo kilimpeleka Dodoma mjini kwa mafunzo ya vitendo katika hospitali moja, chini ya mtaalamu aliyeitwa Restuta. Huyu alikuwa Mgogo wa Mvumi, mpole wa sauti na mchoyo wa maksi. Wanafunzi walimwita Madam. Alimwacha Hamida ahudumie wagonjwa huku yeye akitazama kutoka meza ya pili. Hamida alijua kupima. Aliweza kusema kiwiko kimekaza kwa kiasi gani, vidole vina nguvu gani, mgonjwa anasimama kwa muda gani kabla hajachoka. Kilichompa shida ni mazungumzo.

"Unauliza kama karani wa sensa," Restuta alimwambia. "Jibu likishaingia kwenye kisanduku, wewe umeshahama."

Hamida aliahidi kujirekebisha. Hakuelewa sana alitakiwa kurekebisha nini, kwa kuwa maswali yake yote yalikuwa yale yale aliyofundishwa darasani.

Ndipo alipokabidhiwa Batholomeo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana yake Kizota, na mageti mengi ya mitaa ile yalitoka mikononi mwake. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia. Kutembea alitembea, kwa fimbo na kwa kuburuta mguu, lakini mkono ulining'inia tu. Maneno alikuwa nayo, ila yalitoka moja moja, na kati ya neno na neno palikuwa na kimya ambacho wengi hawakukivumilia.

Kila mara aliletwa na mkewe, Anitha, au Mama Jordan kwa jina la mtoto wao, mwanamke mrefu, mwanakwaya, ambaye tangu mumewe augue alikuwa amesimamisha biashara yake ya kushona. Alimfunga vifungo vya shati, alimpangusa mdomo, na alimjibia.

"Shikamoo, Fundi," Hamida alianza siku ya kwanza. "Umeamkaje?"

"Ameamka salama," Anitha alijibu.

"Na mkono unauonaje?"

"Mkono bado, daktari. Ila juzi uliguswa na sufuria ya moto akashtuka. Hiyo si dalili nzuri?"

Hamida alikubali kuwa ni dalili nzuri. Kisha akauliza swali lililofuata. "Fundi, ukianza kupata nafuu, ni kitu gani ungependa uweze kukifanya kwanza?"

Batholomeo aliitazama meza. Baada ya muda alisema maneno machache kwa Kigogo. Tangu augue, lugha ya utotoni ndiyo iliyomtangulia mdomoni. Hamida, Mrangi, hakuambulia kitu. Akamgeukia Anitha.

"Anasema anataka kurudi kazini," Anitha alisema. "Karakana inamngoja. Wateja wananipigia simu, nawaambia mwezi ujao."

Hamida aliandika: kurudi karakana. Lilikuwa lengo zuri, na mazoezi yake hayakuwa magumu kubuni. Alitafuta vipande vya bomba vya unene tofauti ili mgonjwa ajifunze kuvishika. Aliomba kwa fundi wa hospitali kishikio kibovu cha mashine ya kuchomelea, akakifunga kitambaa kiwe kinene, akamfundisha Batholomeo kukiinua kutoka mezani na kukirudisha. Alijisifu moyoni kwa kishikio kile. Hakuna mwanafunzi mwenzake aliyekuwa na kitu kinachofanana na kazi halisi ya mgonjwa kiasi hicho.

Batholomeo alifanya yote aliyoambiwa. Aliinua, akarudisha. Akiambiwa basi, aliacha palepale, hata kama kitu kilikuwa hewani. Kwa wiki kadhaa mkono haukubadilika, na nyumbani, kwa maelezo ya Anitha, hakuwa akiugusa kabisa.

"Unaonaje mgonjwa wako?" Restuta aliuliza asubuhi moja, walipokuwa wakifuta meza.

"Hashirikiani, Madam."

"Hashirikiani na nani?"

Hamida alidhani swali ni rahisi mno, akatafuta mtego uliomo.

"Mimi Kigogo ndicho nilichonyonya," Restuta alisema. "Siku ile ya kwanza hakutaja kazi."

"Alisema nini?"

"Mgonjwa ni wako. Kamuulize."

Hasira ya kwanza ya Hamida haikuwa kwa Anitha wala kwake mwenyewe, bali kwa Restuta, aliyekaa meza ya pili wiki zote zile akitazama mabomba yakiinuliwa na kurudishwa. Alifuta meza ambayo ilikwisha kufutwa.

Safari iliyofuata ya Batholomeo, Hamida alimwomba Anitha akachukue dawa za presha dirishani kabla foleni haijawa ndefu. Foleni ilikuwa ndefu tayari, na Hamida alikuwa ameshaiona. Anitha alipotoka, hakutoa mabomba. Alihamisha kiti chake kutoka upande wa pili wa meza, akakaa ubavuni mwa Batholomeo, wote wawili wakitazama dirishani.

"Fundi, nilikuuliza swali, kisha nikamsikiliza mtu mwingine," alisema. "Nakuuliza tena. Unataka uweze nini?"

Nje mtu alisukuma kitanda chenye gurudumu bovu, kikapita kikilia, kikaishia mbali. Mara mbili Hamida alitaka kumsaidia kwa kumtajia mifano, mara mbili akajizuia.

"Kuoga," Batholomeo alisema.

Hamida alingoja.

"Mwenyewe. Mlango... umefungwa." Alimeza mate, akakusanya nguvu kwa ajili ya sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumpa. "Ananiosha vizuri. Hanikosei. Lakini ananigeuza... ananiosha... kama maiti."

Hakulia. Alisema kama anayetaja kipimo cha dirisha. Hamida aliuliza bafu likoje, maji yanakaa wapi, mlango unafungukia upande gani. Batholomeo alijibu yote, polepole, na kwa mara ya kwanza mkono wa kulia ulisogea mezani bila kuamriwa, kana kwamba unataka kuonyesha.

Anitha aliporudi na dawa, Hamida alikuwa bado na furaha ya kupata jibu. "Mama Jordan, tumebadilisha mpango," alimwambia. "Fundi hataki kuanza na karakana. Anataka kuoga mwenyewe. Hapendi kuogeshwa."

Anitha alimtazama mumewe, na mumewe akatazama sakafu. Alimfunga mumewe kifungo cha juu, akamshika kwapani, wakaondoka.

Siku yao iliyofuata hawakuja. Wala ile iliyofuata. Hamida alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika.

"Ulimuuliza Batholomeo kama ungeweza kumwambia mkewe?" Restuta alisema, baada ya kusimuliwa kila kitu.

"Hapana."

"Kwa hiyo alikupa neno lake la ndani, nawe ukalitoa kama tangazo la msikitini." Restuta alisita, akaona neno limezidi. "Au la kanisani. Ni yale yale."

Hamida alisema anafikiri amewaharibia. Restuta hakumkatalia. Alisema kesho wangekwenda wote Kizota, na kwamba yeye angekwenda kwa kuketi tu.

Nyumba ya Batholomeo ilikuwa nyuma ya karakana. Kelele za grinda zilisikika tangu barabarani. Vijana wawili aliowafundisha kazi walikuwa wakimalizia geti. Anitha aliwapokea vizuri, kama wageni wanavyopokewa, akawaletea karanga na maji. Batholomeo alikuwa chini ya kivuli cha bati, kwenye kiti cha plastiki. Hamida alimwamkia, kisha akamwomba Anitha radhi mbele yake. Akamwomba Batholomeo radhi vilevile, kwa kulitoa neno lake bila ruhusa. Halafu, kwa kuwa safari hii alikuwa amejifunza, akanyamaza.

"Hamkuniuliza mimi," Anitha alisema mwishoni. "Mmemuuliza yeye, vizuri, ni haki yake. Mimi hamkuniuliza kwa nini namwogesha. Mnadhani napenda?"

"Kwa nini, mama?"

Anitha aliwaongoza uani. Bafu lilikuwa la matofali, la nje, lenye sakafu ya saruji laini na mlango wa bati. Kwenye fremu palikuwa na komeo jipya, na chini yake tundu la komeo la zamani, ukingo wake umepindika.

"Aliangukia humu," alisema. "Alikuwa amejifungia. Nilisikia kopo likianguka, nikaita, kimya. Nikaita tena. Vijana walilivunja komeo kwa nyundo. Tulipoingia, maji yalikuwa yanamwagika karibu na uso wake." Alilishika komeo jipya bila kulisogeza. "Sasa mnaniambia mlango ufungwe."

Kwenye mafunzo ya Hamida kulikuwa na somo la mgonjwa na malengo yake, na somo la usalama nyumbani, yakifundishwa na walimu wawili tofauti, vyumba tofauti. Hapa yalikuwa kwenye mlango mmoja.

"Fundi amewahi kukusikia ukisimulia hivyo?" aliuliza.

Anitha alifikiri. "Yeye alikuwepo."

"Alikuwepo, lakini alikuwa amezimia."

Wakarudi kivulini. Anitha alisimulia upya, safari hii kwa Kigogo na kwa mumewe, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Hamida hakuelewa neno hata moja, wala hakuomba kutafsiriwa. Restuta alikuwa akimenya karanga. Batholomeo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgusa mkewe gotini kwa mkono wa kushoto, akasema jambo fupi. Anitha alicheka huku akipangusa macho.

"Anasema komeo lile lilikuwa imara, alilitengeneza mwenyewe," aliwaambia wageni.

Batholomeo aliomba chaki. Kijana mmoja alileta, na fundi, kwa mkono wa kushoto asiouzoea, akainama kitini akaanza kuchora sakafuni. Mistari ilikuwa imepinda lakini ilieleweka: komeo lenye ulimi mrefu unaopenya kwenye bati, likisukumwa kwa ndani linafunga, na kwa nje linafunguliwa kwa kidole kimoja. Anitha aliutazama mchoro kwa muda, akataka jambo moja zaidi: akiita, ajibiwe. Si lazima kwa neno, kwa kuwa maneno yanachelewa. Agonge ndoo.

"Nitagonga," Batholomeo alisema kwa Kiswahili.

Hamida naye alichora. Kiti cha kuogea cha bomba za mraba, chenye kikalio cha mbao zilizoachana ili maji yapite, na mkono wa chuma wa kushikilia, ukutani upande wa kushoto. Batholomeo aliufuta mchoro wa kiti kwa kisigino akachora kiti upya, kirefu zaidi, kwa kuwa alizoea viti virefu vya karakana. Hamida alimwambia kiti kirefu kitamwacha mguu mbovu ukiwa hewani. Walibishana. Hatimaye Hamida alimwomba akae kwenye benchi refu na kisha kwenye ndoo, ainuke kutoka kila kimoja. Kwenye benchi unyayo wa kulia haukugusa chini, akayumba. Kwenye ndoo hakuweza kuinuka kabisa. Wakakubaliana katikati.

Vijana walitengeneza komeo na kuchomelea kiti wiki ile, Batholomeo akiwasimamia kwa fimbo. Palipochomelewa vibaya aligonga kwa ncha ya fimbo, wakarudia. Alirudi pia hospitalini, na Hamida akakiweka kabatini kile kishikio cha mashine alichokuwa akijivunia. Sasa mezani palikuwa na beseni, kitambaa na sabuni. Mkono wa kulia ulijifunza kukandamiza sabuni kwenye paja isiteleze, wakati wa kushoto ukipaka. Kukunja vidole kulikomshinda kwenye bomba kulianza kuwezekana, kidogo, kwenye kitambaa chenye maji. Hamida alimwuliza kila siku kipi kiendelee na kipi kiachwe, na mara nyingine jibu lilikuwa tofauti na lake. Wakati mwingine alifuata la mgonjwa, wakati mwingine alimweleza kwa nini hapana. Anitha naye alifundishwa namna ya kumwinua mtu aliyeanguka, ili asije akabaki tena na kuita tu.

Siku ya kujaribu, Hamida alikwenda Kizota asubuhi. Anitha alijaza maji ya uvuguvugu, akaweka ndoo upande wa kushoto kama walivyopanga, akatoka. Batholomeo aliingia, akasukuma komeo. Lililia kidogo likafunga. Anitha na Hamida wakasimama nje, karibu na kamba ya nguo.

Mwanzoni walisikia maji. Kisha wakasikia miguu ya kiti ikiburuzika kwenye saruji, na kopo likaanguka.

Hamida alijua mara moja alichokisahau. Alipima urefu wa kiti, upana, umbali wa mkono wa ukutani. Hakufikiria miguu ya chuma juu ya sakafu laini yenye sabuni.

Anitha alikuwa amekwisha fika mlangoni, kidole kwenye ulimi wa komeo. "Baba Jordan!"

Hakuna neno. Hamida alimwona Anitha akivuta pumzi, kidole kikianza kusukuma.

Ndoo ikagongwa. Kisha ikagongwa tena, kwa nguvu, kama mtu anayekasirika.

"Subiri," sauti ya Batholomeo ilisema kwa ndani. "Nimeshika... chuma. Subiri."

Anitha alisubiri. Kidole hakukiondoa, lakini hakukisukuma pia. Midomo yake ilikuwa ikitembea, labda anaomba. Baada ya muda mrefu maji yalisikika tena, kopo moja, kisha jingine. Batholomeo alitoka akiwa amejifunga kitenge cha mkewe kiunoni, povu likiwa limebaki nyuma ya sikio la kulia. Anitha aliliona povu lile. Aliinua mkono, kisha akaushusha.

"Kuna sabuni sikioni," alimwambia. Batholomeo akaifuta mwenyewe.

Mchana huohuo miguu ya kiti ilivishwa vipande vya tairi kuukuu. Hamida alikiri mbele ya wote kuwa kosa lilikuwa lake. Batholomeo alisema na yeye alikuwa akikitazama kiti kile wiki nzima, fundi wa vyuma, asilione.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, Batholomeo alikuwa anaoga kila siku bila msaada, ila mgongo, ambao alimwachia Anitha Jumamosi kabla ya ibada. Hamida aliona mkono bado una nafasi ya kupata nguvu zaidi. Alimpangia miezi mingine ya mazoezi chini ya mwanafunzi atakayemfuata, akamweleza kwa kirefu faida yake.

"Hapana, binti," Batholomeo alisema. "Inatosha."

"Fundi, tukiacha sasa, vidole vitakaza. Nakwambia ukweli, si kukutisha."

"Nimesikia."

"Na karakana je?"

Batholomeo alimtazama Anitha kwanza, naye akatikisa kichwa kukubali aseme. Mashine watawakodisha wale vijana, alieleza kwa vipande vipande. Yeye atakaa pale, ataangalia kazi. Anitha atarudi kwenye cherehani. Walikuwa wamelizungumza wenyewe.

Hamida hakuupenda uamuzi ule. Alimwonyesha Anitha mazoezi machache ya kunyoosha vidole nyumbani, akamwambia mlango wa kliniki uko wazi siku yoyote watakayobadili mawazo, kisha akafunga huduma. Restuta alisoma taarifa yake yote. Alimpa maksi za wastani, akaandika pembeni kwamba mwanafunzi anasikiliza sasa, ila bado anaharakisha anapofurahi.

Batholomeo hakurudi kliniki. Vidole vilikaza kama Hamida alivyosema, vikabaki nusu ya ngumi, na kwa mkono ule anashika fimbo tu. Hamida aliajiriwa baadaye kwenye hospitali ya wilaya, ambako yeye ndiye mtaalamu pekee wa fani hiyo, na wagonjwa wake wengi wanaletwa na ndugu wawili watatu wanaozungumza kwa pamoja. Huwaacha wazungumze. Halafu huwaambia, "Nimewasikia, nitarudi kwenu," akahamisha kiti chake hadi ubavuni mwa mgonjwa.